Ukuta wetu wa makombe unatoa unga mweupe na makombe yanadondoka. Kosa liko wapi?

#1 MamaUkuta (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kabla hatujabomoa kitu.

Miezi 14 iliyopita mtaa wetu ulimaliza ukuta wa nakshi, mita 11 kwa 2, wote kwa makombe yaliyokuwa yanakwenda jalalani kutoka kwenye mikahawa. Mengi ni ya chaza na kome, yapo makombe ya mistari, na pembeni tuliweka magamba ya kaa. Kila Jumamosi watu walikuja na ndoo zao. Wazee walikaa kivulini wakichambua makombe kwa ukubwa, watoto wakipanga rangi, vijana wakikoroga saruji. Hakuna aliyelipwa.

Tulivyofanya: tuliyachemsha, tukayalaza usiku kucha kwenye maji ya klorini kuondoa harufu, asubuhi tukayatia kwenye siki ili yang'ae, tukayaanika. Ukutani tuliyabandika kwa saruji na mchanga. Ila samaki mkubwa wa katikati tulimtengenezea chini, juu ya plaiwudi, kwa silikoni ya kukamua, halafu tukampandisha mzimamzima na kumkaza kwa skrubu. Mwisho tukapaka vanishi kila mahali.

Hali ya sasa: theluthi ya chini ya ukuta imepata unga mweupe. Maganda ya kome yanabanduka moja moja. Samaki, ambaye yuko chini ya kibaraza na mvua haimfikii, amepauka, ukimpitishia kidole kinatoka na vumbi. Magamba ya kaa yameota ukungu mweusi.

Jana nimeokota maganda manane chini ya ukuta, nikayafunga kwenye leso. Kuna mzee mmoja kila akipita anauliza, "lile langu bado lipo?" Nataka kumjibu bila kudanganya.

#2 MwikoNaTimazi
Hiyo ni chumvi, mama. Mchanga mliutoa wapi? Kama ni wa ufukweni, jibu umeshalipata. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unabeba chumvi hadi usoni mwa ukuta, maji yanakauka, chumvi inabaki. Ndiyo maana ni theluthi ya chini tu. Nimeona kuta za aina hiyo nyingi kuliko nywele zangu.

#3 Simbi
Sina jibu ila hongereni sana kwa kazi. Nafuatilia.

#4 kemia_ya_jikoni
Fundi #2 usiharakishe. Mimi naanza na siki.

Kombe ni kalsiamu kaboneti karibu lote, zaidi ya sehemu 95 katika 100. Asidi yoyote inalila. Lile povu mliloliona kwenye beseni halikuwa uchafu unaotoka. Lilikuwa kombe lenyewe linayeyuka na kutoa hewa ya kaboni. Mng'ao wa siku ya kwanza ni wa ngozi mpya iliyochunwa, na ngozi hiyo haina kinga.

Tena asilimia chache zilizobaki ni protini, na ndiyo inayoshika tabaka zisiachane. Kwenye lulumizi, ule upande wa ndani unaometameta, kuna vibamba vyenye unene wa nusu ya mikroni hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), vimepangwa kama matofali, na protini ndiyo udongo wa kati ya matofali. Klorini usiku kucha inakula huo udongo. Kwa hiyo klorini imelegeza matofali, siki ikayala.

Na hili nalisema kwa msisitizo: mlisuuza kati ya klorini na siki? Vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Hiyo inaunguza mapafu. Msirudie tena, hasa mkiwa na watoto.

#5 MamaUkuta
@kemia_ya_jikoni nimesoma nikakaa chini. Tulisuuza, lakini mara moja tu, harakaharaka. Kuna Jumamosi wasichana wawili walikohoa sana wakasogea pembeni. Tulidhani ni harufu ya chaza. Nitaongea na wazazi wao leo hii.

@MwikoNaTimazi mchanga aliuleta dereva wa lori. Hatukumuuliza alikouchota.

#6 Bi_Tunu
Wanangu, nimeosha makombe miaka tisa kwa ajili ya sanaa za vikundi na sijawahi kutia siki wala klorini. Mnajisumbua bure.

Chukua kombe la chaza ulitazame ndani. Kuna alama kama dole gumba, hapo ndipo msuli ulipokuwa umejishika. Kinofu kikibaki hapo, hata kidogo kama kucha, ndicho kinacholeta nzi, sisimizi na ile harufu. Kikwangue kwa ncha ya kisu butu kombe likiwa bado bichi, kikikauka kinakuwa kama pembe. Kisha lisugue kwa brashi na maji matamu, ulimwage nje juu ya wavu, uliache. Jua, mvua na wadudu watafanya kazi yao. Uligeuze kila baada ya wiki kadhaa.

Wenzetu wa New York wanaokusanya makombe ya chaza kutoka mikahawani, mradi wa Billion Oyster Project ulioanza 2014, huyaacha nje mwaka mzima kabla ya kuyatumia. Mwaka mzima! Na wao shida yao ni kuyarudisha majini bila vimelea. Sisi tunataka yawe safi kesho kutwa kwa sababu mgeni rasmi anakuja.

#7 mwl_Sanaa
Salaam. Nasemea kome wanaobanduka tu, mengine nawaachia wenyewe.

MamaUkuta, nenda utazame tundu lililoachwa na ganda lililodondoka. Je, saruji iliyobaki humo ni laini kama kioo, au imechanika?

#8 MamaUkuta
Nimetoka kuangalia. Ni laini. Naona hata mistari ya ganda imejichapa humo. Na nyuma ya ganda lililodondoka hakuna chembe ya saruji.

#9 mwl_Sanaa
Basi hapo si chumvi wala siki. Saruji haikuwahi kushika. Mlibandika upande wa ndani, ule wenye lulumizi, ili rangi ya bluu-nyeusi ya nje ionekane. Ni sawa kwa macho, lakini lulumizi ni utelezi mtupu, na ganda la kome limebonyea: ukilikandamiza ukutani linafungia hewa katikati. Linashikwa na ukingo wake tu, uzi mwembamba wa saruji kuzunguka. Jua likipanda hewa inavutika, usiku inasinyaa. Ukingo unachoka.

Nilijifunza kwa machungu. Tulitengeneza benchi na darasa langu, kila mtoto alikwaruza jina lake ndani ya kombe kabla ya kulizika kwenye saruji, jina liangalie ndani. Walipenda sana ile siri. Mwezi wa tatu makombe yakaanza kutoka na majina yakawa hadharani. Mtoto mmoja alilia, wengine waliruka kwa furaha.

Benchi la pili tulikwaruza upande wa ndani kwa msasa mkali, tukajaza kila kombe saruji kwanza, tukaliacha ligande likiwa limelala chali kama bakuli lililojaa, siku ya pili ndipo tukalibandika. Hakuna lililotoka. Huku kukwaruza tulifanyia ndani ya maji, na barakoa usoni. Vumbi la makombe si la kuvuta.

#10 MwikoNaTimazi
Mwalimu nakubali kuhusu kome. Lakini kujaza na kusubiri siku nzima kunaleta shida nyingine: saruji mbichi haishiki vizuri juu ya saruji iliyokauka usipoilowesha. Loweshea maji kabla ya kubandika. Na ukuta ukimalizika ufunikwe magunia mabichi angalau siku saba. Saruji haikauki kwa jua, inagandishwa na maji. Ikinyimwa maji inabaki unga. MamaUkuta, mlimwagilia?

#11 MamaUkuta
Siku mbili. Kisha mkaaji mmoja akalalamika maji yanatuama mlangoni kwake.

#12 Dondo77
Jamani makombe yakibandikwa vizuri yanakaa milele. Kuna pango Margate, Uingereza, lina makombe milioni mbili, lilijengwa na Wafoinike, wale mabaharia wa kale, na mpaka leo liko vilevile. Wale hawakuwa na silikoni.

#13 MsomajiWaUsiku
@Dondo77 mfano mzuri ila turekebishe. Makombe ya Shell Grotto ya Margate yanakadiriwa kuwa milioni 4.6. Liligunduliwa mwaka 1835, na aliyelijenga hajulikani mpaka leo. Wafoinike ni moja tu ya simulizi, wengine wanasema ni anasa ya tajiri fulani wa karne ya 18. Hakuna aliyethibitisha.

Na haliko vilevile. Liliwahi kuwashwa taa za gesi kwa muda mrefu, masizi yakayaziba makombe, rangi zikapotea. Ukiona picha zake utadhani yalikuwa ya kijivu tangu mwanzo. Makombe mengi bado yameshika, lakini sura yake ya kwanza hakuna aliye hai anayeijua.

#14 Dondo77
Nimekosoka na nimeelimika. Ila makombe hayo bado yameishi muda mrefu kuliko ukuta wa miezi 14 😀

#15 MsomajiWaUsiku
Hiyo ni kwa sababu ni chini ya ardhi, mkuu. Hakuna jua wala mvua. Ukuta wa MamaUkuta unapigwa na vyote.

#16 MtunzaKabati
Naingia kuhusu samaki, maana naona kila mtu anamkwepa. Samaki hapati mvua, hagusi ardhi, na ndiye aliyepauka vibaya kuliko wote. Nadharia ya fundi #2 haimfikii.

Nimefanya kazi ya kutunza mikusanyo ya makombe. Makabatini tunaogopa kitu kinaitwa ugonjwa wa Byne. Mwaka 1899 Mwingereza aitwaye Loftus Byne aliandika kuhusu makombe yanayofifia na kuota unga mweupe ndani ya droo, akadhani ni bakteria. Jina la ugonjwa likabaki, lakini si ugonjwa. Ni mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao, hasa mwaloni na mbao za kubandikwa kwa gundi, unaokutana na unyevu na kulila kombe polepole. Unga ule ni chumvi za kalsiamu zilizotokana na hiyo asidi.

Sasa tazama samaki: kakaa juu ya plaiwudi. Na kuna jambo la pili. MamaUkuta, ile silikoni mlipoikamua ilikuwa na harufu gani?

#17 MamaUkuta
Harufu ya siki! Tena kali. Tulicheka tukasema siki inatufuata.

#18 MtunzaKabati
Basi umejibu. Silikoni yenye harufu ya siki inagandika kwa kutoa asidi ileile ya siki. Haitakiwi kutumika kwenye marumaru, zege, wala kitu chochote cha chokaa, na kombe ni chokaa tupu. Kila kombe la samaki lilikuwa limekalia kitanda cha asidi, halafu mkalifunika vanishi juu ili mvuke usipate pa kutokea. Ipo silikoni isiyo na harufu hiyo, ya kugandika bila asidi. Kwa makombe ni hiyo tu, na bado siisifu.

#19 kemia_ya_jikoni
Mtunza, naunga mkono nusu. Silikoni ikishaganda haitoi tena mvuke, ni kazi ya siku chache au wiki. Miezi 14 baadaye asidi inatoka wapi? Mimi bado nasema makombe ya samaki yalikuwa yameshaliwa kwenye beseni. Labda ndiyo yaliyochaguliwa kwa mng'ao, yaani yaliyolala sana kwenye siki. Nani alikuwa anachagua?

#20 MamaUkuta
Kweli, ya samaki tuliyachagua yale meupe yanayong'aa zaidi. Mengine yalirudishwa kwenye siki mara ya pili.

#21 MtunzaKabati
Hiyo inakupa nguvu, sikatai. Lakini plaiwudi inaendelea kutoa mvuke kwa miaka. Na chumvi za baharini zilizobaki kwenye kombe zinavuta unyevu hewani hata pasipo mvua, ndiyo maana hata makabatini tunaanza kwa kuloweka makombe kwenye maji matamu na kuyabadilisha mara kadhaa. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

#22 MwikoNaTimazi
Tusibishane kwa maneno, tupime. Mama, kwangua unga wa chini uweke kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Ukiyeyuka wote ni chumvi, nimeshinda. Usipoyeyuka utilie tone la siki: ukitoa povu ni unga wa makombe, kemia kashinda.

#23 kemia_ya_jikoni
Kipimo kizuri lakini hakitatupa mshindi. Saruji yenyewe hutoa chokaa, inayopanda na unyevu hadi usoni, ikikutana na hewa inageuka kalsiamu kaboneti. Nayo itatoa povu kwenye siki kama kombe. Kwa hiyo povu litasema tu "ni kaboneti", halitasema imetoka kwenye kombe au kwenye saruji.

#24 MtunzaKabati
Na upande wa pili pia. Zile chumvi za asidi ya siki na kalsiamu zinayeyuka majini. Unga wa samaki ukiyeyuka, fundi asije akadai ni chumvi ya mchanga. Fanya vipimo viwili tofauti, glasi ya chini na glasi ya samaki, na tafadhali asionje mtu.

#25 NahodhaMstaafu
Wakubwa, nimesoma yote. Niruhusiwe kuuliza swali litakalowakera: kwa nini makombe hayo hayakurudishwa baharini?

Mtoto wa chaza huogelea wiki mbili tatu hivi, kisha anatafuta pa kujishika maisha yake yote. Anapopapenda kuliko pote ni juu ya kombe la chaza mwingine. Ukiyachukua makombe yote ukayaweka ukutani umewanyima watoto sakafu. Ukuta ni mzuri, nimeuona kwa maelezo nikaupenda, lakini samaki wa kweli wana haki kabla ya samaki wa plaiwudi.

#26 Bi_Tunu
Nahodha, makombe yale hayakuwa yanakwenda baharini. Yalikuwa yanakwenda jalalani, kwenye mifuko, yanaozea humo. Ungekuwa na hoja kama wangeyazoa ufukweni.

#27 NahodhaMstaafu
Bibi, heshima yako. Lakini mkishaonyesha kwamba kombe ni mali, kesho watu watakwenda kuzoa ufukweni kwa magunia. Kuna kaa wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, hawana nyumba nyingine. Akikua anahitaji kubwa zaidi. Asipopata anabaki na lililombana, au anavamia kifuniko cha chupa. Nimemwona mmoja kavaa kifuniko cha plastiki chekundu, anakiburuza mchangani kama mtu aliyevaa ndoo.

#28 MsomajiWaUsiku
Nahodha ana hoja. Na kuna aina ambazo hata kuzivusha mpaka ni kosa bila kibali: kombe kubwa la waridi la Karibea (Aliger gigas) liko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, makombe makubwa ya jamii ya Tridacna yapo pia. Kikundi kikiletewa zawadi ya makombe makubwa ya kupendeza kiulize kwanza yametoka wapi. Kanuni rahisi: liwe limetoka sahanini.

#29 MamaUkuta
Nahodha, hujanikera. Sisi tuliandika kabisa: yawe yametoka mikahawani. Lakini kweli wiki ya tatu watoto walianza kuleta mfukoni simbi za ufukweni. Tulizipokea kwa sababu walikuwa na furaha. Sasa natambua.

#30 Simbi
Nimeona jina langu 🙂 Swali la pembeni: hivi kombe, gamba, ganda na simbi mnatofautishaje? Naona kila mtu anatumia lake.

#31 NahodhaMstaafu
Kombe ni la chaza na jamaa zake, la kufumba na kufumbua. Simbi ni ile ndogo yenye meno, dondo ni ndugu yake mkubwa mwenye madoa. Gamba ni la kaa, kamba na samaki. Ganda ni la chochote, hata yai.

#32 Bi_Tunu
Nilikolelewa mimi tulisema kombe hata kwa konokono wa baharini. Usimfunge mwenzio.

#33 kemia_ya_jikoni
Kwa kazi ya ukuta tofauti ya gamba na kombe si ya lugha tu. Gamba la kaa limejengwa kwa kitini (kile kitu kigumu kilichomo hata kwenye maganda ya wadudu) na protini, kalsiamu imetiwa ndani yake kulikaza. Maana yake ni chakula. Ukungu, bakteria na wadudu wote wanalila. Kombe la chaza halina cha kuliwa ukishakwangua kile kinofu. MamaUkuta, ukungu wa magamba ya kaa hautaisha kwa kuosha. Hayo yatoe, tena vaa glavu.

#34 mwl_Sanaa
Inauma, maana magamba ya kaa ndiyo yenye rangi nzuri. Sisi tuliyachapa kwenye udongo wa mfinyanzi, tukachoma, tukabandika chapa. Kila kinundu kilionekana. Gamba lenyewe tukalizika kwenye mbolea ya bustani.

#35 Dondo77
Narudi na mfano mwingine, safari hii nimehakiki. Minara ya Watts Towers, Los Angeles, Marekani. Simon Rodia aliijenga peke yake kuanzia 1921 hadi 1954: chuma, wavu wa waya, saruji, na juu yake vioo vilivyovunjika, vigae na makombe ya baharini. Mnara mrefu unakaribia mita 30. Mwaka 1959 ulivutwa kwa nguvu ya tani 4.5 hivi kuona kama utaanguka, mtambo ndio ulioshindwa. Hakuna silikoni, hakuna plaiwudi, hakuna vanishi. Nje kabisa, juani.

#36 MwikoNaTimazi
Safi sana Dondo. Lakini hata hiyo inahitaji matengenezo yasiyoisha, nyufa zinapenya maji, chuma cha ndani kinashika kutu na kuvimba. Ndiyo maana nasisitiza mchanga. Mama, kama ndani ya ukuta kuna nondo na mchanga ulikuwa wa chumvi, unga mweupe ni onyo dogo. Tafuta mistari ya kahawia.

#37 Mpita_Njia
Kuna Fadiouth, Senegal. Kisiwa kizima ni makombe, barabara ni makombe, makaburi yako kwenye kilima cha makombe, Waislamu na Wakristo pamoja. Hakuna saruji chini ya miguu. Ukitembea yanalia. Labda tatizo ni kutaka yasisogee.

#38 mwl_Sanaa
@Mpita_Njia umenifungua macho. Ukumbi wa wazi wenye sakafu ya makombe yaliyomwagwa, maji yanapenya yenyewe, kombe likivunjika linabaki kuwa sehemu ya kazi.

#39 Bi_Tunu
Na watoto wanaotembea peku je? Ukingo wa chaza ni wembe. Nina kovu la mshono kiganjani. Makombe ya duara sawa, chaza hapana.

#40 MsomajiWaUsiku
Ipo njia ya kati: saruji ya makombe. Pwani za Georgia na South Carolina, Marekani, kuna kuta za zamani ziitwazo tabby. Walichoma makombe ya chaza kupata chokaa, wakachanganya na mchanga, maji, na makombe mazima. Zipo zilizosimama zaidi ya miaka 200. Kombe linashikwa na chokaa ya kombe.

#41 kemia_ya_jikoni
Ila kuchoma ni joto la nyuzi 900 hivi, na chokaa hai, yaani iliyotoka kuchomwa, ikigusa maji inachemka, inapofusha macho. Si kazi ya Jumamosi na watoto. Chokaa iliyokwisha zimwa kwa maji inatosha. Faida yake ni kwamba ni laini kuliko saruji, inapumua, unyevu unatokea kwenye chokaa badala ya kusukuma makombe.

#42 MamaUkuta
Narudi na majibu. Tumepima watu saba, mzee wa "lile langu" akashika glasi.

Glasi ya chini: unga ulizama. Maji yakawa na ukungu, nusu ukabaki kitako. Tukatia siki, ukatoa povu kidogo.
Glasi ya samaki: karibu wote uliyeyuka. Mabaki yakatoa povu.
Mistari ya kahawia: ipo miwili, kona ya kushoto, mirefu kama kidole.

Pia kijana mmoja alimfungua samaki skrubu. Nyuma ya plaiwudi pameloa. Hakuna anayejua maji yametoka wapi, kibaraza hakivuji.

#43 MwikoNaTimazi
Nusu imeyeyuka, chumvi ipo. Mistari ipo. Nimesema.

#44 kemia_ya_jikoni
Nusu haikuyeyuka na imetoa povu. Nimesema.

#45 MtunzaKabati
Na samaki ameyeyuka karibu wote, pasipo ardhi wala mvua. Nami nasema.

#46 mwl_Sanaa
Nyuma pameloa kwa sababu mbele pana vanishi. Ukuta unatoa jasho, jasho linakutana na plaiwudi, halina njia. Mmeona kuna wa nne?

#47 NahodhaMstaafu
Mzee alisemaje?

#48 MamaUkuta
Kombe lake lipo. Ni la chaza, mstari wa tatu kutoka juu, alilibandika mgongo ukiwa nje na alilijaza saruji mwenyewe kwa kijiko cha chai, hakumsikiliza mtu. Hata unga halina.

Tumekubaliana hivi. Vanishi tunaikwangua kwenye kipande cha mita moja tu. Kipande cha pili tunakisugua kwa maji matamu kila wiki bila kugusa vanishi. Cha tatu tunakiacha kama kilivyo. Samaki amelala kifudifudi kwenye ukumbi, anakauka. Magamba ya kaa yametolewa yote, mwalimu tutakuomba utufundishe ule udongo wa mfinyanzi. Makombe mapya ya chaza tumeyamwaga nje juu ya wavu, Bi Tunu, na kila mtu ana zamu yake ya kuyageuza. Mengine magunia mawili tumeyatenga kwa ajili ya Nahodha akituonyesha pa kuyapeleka.

Nitaleta picha za vipande vitatu baada ya msimu wa mvua.

#49 MwikoNaTimazi
Mama, kile kipande cha tatu kisiwe upande wenye mistari ya kahawia. Utatuchanganya wote.

#50 MamaUkuta
Asante fundi. Nimeshahamisha alama ya chaki.